Mawe ya Manda na Mwalimu wa Langoni

Maneno yafuatayo yalisomwa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wazazi, wakata mawe, wavuvi na wanafunzi waliokusanyika Maweni, katika kisiwa cha Manda. Tumeyachapa karibu yote, kwa kuwa yanawahusu wasomaji wetu wa mjini na wa mashambani vilevile.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wakata mawe, nanyi wanafunzi mlioketi mbele mkekani: Asalaam aleikum. Na wale wasiosalimiana kwa maneno hayo, nawaamkia pia kwa heshima na amani.

Nimeombwa niwasifu watu waliofanya kazi njema katika elimu na katika kuwasaidia wenzao. Kusifu ni kazi nyepesi, mtu akitaka iwe nyepesi. Msemaji husimama akataja majina, watu wakapiga makofi, kisha kila mtu akarudi kwake kama alivyokuja. Mimi sikupenda kufanya hivyo. Tena mwenyekiti amenionya kwamba maji yataanza kupwa alasiri, na wageni wetu wa Lamu na Shela hawana haja ya kusukuma mashua matopeni. Kwa ajili hii nitasema zaidi habari za mtu mmoja, nami nitawaonyesheni kwa nini habari zake zafaa kusemwa hapa Manda, ingawa yeye alikaa ng'ambo ya mkono huu wa bahari, katika mji wa Lamu.

Lakini kwanza niseme habari za mawe, maana ndiyo tuliyoyakalia.

Mtu akisimama asubuhi ufukoni Lamu, huona mashua zikija kutoka upande wetu zimezama karibu na ukingo kwa uzito wa mawe. Mawe hayo mnayakata ninyi, kwa sururu, kwa mtaimbo na kwa mikono. Yamejenga nyumba za watu, misikiti, maduka na madarasa. Mwaka 2001 mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu ya UNESCO, na tangu hapo watu wengi zaidi wamekuja kutoka nchi za mbali kutazama kuta zake. Wageni hao hushuka kwenye uwanja wa ndege, ambao uko hapahapa Manda, wakapanda mashua na kuvuka. Wengi wao hawajui kwamba wamekwisha kukanyaga kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya kile walichokuja kukitazama.

Wala kazi hii si ya jana. Upande wa kaskazini wa kisiwa chetu kuna magofu ya mji wa kale ulioitwa Manda. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja Mwingereza, Neville Chittick, alianza kuchimba huko, akarudi tena baadaye mara kadhaa. Aliona kwamba watu walikaa pale tangu karne ya 9, na kwamba walikuwa wakifanya biashara na bandari za Ghuba ya Uajemi. Aliona na jambo jingine ambalo kila mkata mawe angependa kulisikia: ukingoni mwa bahari watu wale walijenga kuta kwa mawe makubwa mno ya matumbawe, mengine yakikaribia uzito wa tani moja. Hawakuwa na mashine. Jiwe kama lile haliondolewi mahali pake na mtu mmoja, wala na watu kumi wasiosikilizana. Jina la aliyewaongoza halikubaki, lakini ukuta wake ulibaki.

Tena upande wa kusini tunayo Takwa. Wanafunzi wengi wamepelekwa kuitazama, na wengine walikwenda huko kuchuma matunda tu, nawajua. Mji ule ulikaliwa kuanzia karibu na mwaka 1500 mpaka karibu na mwaka 1700, kisha watu wakauacha. James Kirkman, yule aliyekuwa mlinzi wa magofu ya Gedi, aliuchimba mwaka 1951, na mwaka 1972 James de Vere Allen akausafisha na kuutengeneza tena. Ukuta uliouzunguka bado waonekana, na msikiti wa Ijumaa, na nje ya ukuta lipo kaburi lenye mnara. Wazee wetu husema kwamba watu wa Takwa walihama kwa taabu ya maji, visima vikiwa vimeingia chumvi, nao wakavuka wakakaa Shela. Mpaka leo watu wa Shela hurudi kuzuru kaburi lile na kumwomba Mungu mvua. Nyumba hawakuweza kuzibeba. Walibeba dua, nasaba na maarifa yao, wakawafundisha watoto, na hayo yamepita vizazi vingi bila ya kupotea.

Sasa nivuke nanyi mpaka Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu.

Katika karne ya 19 Lamu ulikuwa mji wa daraja. Walikuwako wangwana wenye majumba ya mawe, na walikuwako watumwa waliolima mashamba ya mabwana zao visiwani na bara. Kati ya hao walikuwako wageni, kama Wangazija na Wahadhrami waliokuja kutafuta riziki. Elimu ilikuwako, tena elimu kubwa. Lakini ilikaa zaidi katika nyumba fulani na misikiti fulani, na mtoto wa mtumwa hakutazamiwa kuijua zaidi ya yale machache ya kusalia. Nasema hivi si kwa kuwalaumu wazee waliokwisha kufa. Ndivyo dunia yao ilivyokuwa, na nchi nyingi nyingine zilikuwa vivyo hivyo.

Katika mji huo alifika kijana kutoka Ngazija, jina lake Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye watu wote wamemzoea kwa jina la Habib Saleh. Alikuwa na jamaa zake Lamu, akasoma kwa masheikh wa pale, akajifunza na utabibu wa dawa na dua. Alipokuwa mwenyewe mwalimu, alifanya jambo lililowashangaza watu: aliwafundisha wale wasiofundishwa. Waliokuwa watumwa, na watoto wao, na wageni maskini, na wachukuzi, wote waliketi mbele yake mkeka mmoja. Hakuwangojea wamjie, alikwenda walikokaa, akaketi nao, akala nao, akawatibu wagonjwa wao.

Wako waliochukizwa. Mtu wa nasaba kama yake, ukoo wa Mtume, anakaaje na watu wale? Kisha yalizuka maneno juu ya maulidi, kwa kuwa Habib Saleh alikubali yasomwe kwa matari na sauti za watu wengi, nayo ni maulidi yaliyotungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, katika nchi ya Hadhramaut. Wengine walisema kwamba jambo hilo halifai msikitini. Ubishi ule sitauingia. Masheikh wapo hapa nao wanajua zaidi yangu. Ninalotaka mlione ni hili, kwamba aliyekuwa hawezi kusoma kitabu aliweza kuitikia, na kwa kuitikia akaanza kujifunza.

Mahali palipo Riyadha leo zamani palikuwa pembezoni mwa mji. Darsa zake za kwanza zilisomwa katika banda la makuti. Mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti ukasimama, ukapewa jina la Riyadha, maana yake bustani, nao ukawa chuo. Wanafunzi walikuja kutoka pwani nzima, kutoka visiwa vya Ngazija, na baadaye kutoka bara ya mbali. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Sheria iliweza kumwambia mtu kwamba ni huru, lakini haikuweza kumpa kitabu mkononi. Katika mji wa Lamu kazi hiyo ya pili ilikuwa imekwisha kuanza katika banda la makuti, na aliyeianza hakungoja sheria.

Habib Saleh alifariki katika miaka ya 1930, na wanawe na wajukuu wake wakaendelea. Kila mwaka maulidi ya Lamu huwaleta watu maelfu, na wengi wa mliopo hapa huvuka kwenda kuyasikiliza. Wengine wenu mmepeleka mawe kwa matengenezo ya majengo ya mji ule. Basi mnaposimama pale msijione wageni.

Nimesema habari za mtu mwenye jina kubwa. Yafaa nitaje na wengine ambao kazi yao ilifanyika nyumbani. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekaa Siyu na Lamu, alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtungia binti yake utenzi wa kumwachia mafunzo. Hakuwa na shule ya kumpeleka; alimfanyia shule kwa karatasi na wino. Na katika zama zetu, Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kukulia Matondoni, ng'ambo hiyo tu, alipata sehemu kubwa ya elimu yake ya mashairi kwa nyanyake. Sheikh Nabhany hakuhitaji shahada ya chuo kikuu ili awe mwalimu wa wenye shahada. Maprofesa walimfuata kumwuliza maana ya maneno, na neno "runinga" mnalolisema kila siku watu hulihesabu kuwa lake. Alifariki mwaka 2017. Mama zangu mlioketi nyuma kule, mmesikia: mwalimu wake alikuwa bibi kizee wa nyumbani.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kusifu, nalo ni langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundisha katika shule ambayo sitaitaja, katika visiwa hivi. Nilipenda usafi kupita kiasi, na hata sasa naupenda. Asubuhi moja aliingia mtoto wa kiume, umri wake kama miaka kumi na miwili, amechelewa, nywele zake na miguu yake nyeupe kwa vumbi la mawe. Alikuwa amemsaidia baba yake kupakia mashua kabla ya jua kutoka. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, wakamcheka. Nikamwambia, "Nenda kaoge, kisha urudi." Alikwenda. Ndugu zangu, mnakijua kisiwa hiki. Mnajua kwamba maji yetu matamu ni ya mvua yaliyokusanywa katika jabia, au ni ya madumu yaliyovushwa kwa mashua na kununuliwa. Nilimwamuru mtoto wa mkata mawe akaoge asubuhi, wakati wa kaskazi, mahali ambapo mama yake alikuwa akiyapima maji ya kunywa kwa kikombe. Hakurudi siku ile, wala siku ya pili. Baada ya majuma machache nilimfuta katika daftari, nikaandika kwamba amehama.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nilikuwa nangoja mashua, nikaona mtu mzima mwenye kifua kipana akipakia mawe. Akanitazama, akaja, akaniamkia kwa adabu kama mtoto amwamkiavyo mwalimu wake. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimsomee. Ilikuwa hesabu ya mawe aliyouza kwa mtu fulani. Imeandikwa 300. Yeye alikuwa na kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila mawe kumi, na mafundo yalikuwa thelathini na manne. Nilimsomea, nikamwambia kwamba mawe 40 hayakuandikwa. Akanyamaza kidogo, kisha akanishukuru. Kule kunishukuru ndiko kulikoniumiza. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba namkumbuka.

Kwa hiyo mtakapowasikia watu wakimsifu Habib Saleh kwa kuketi na wenye vumbi, mimi najua maana yake kwa upande wa pili. Nilikuwa nimeketi kitini, na mwenye vumbi nikamtoa.

Mambo leo si kama yalivyokuwa. Tangu mwaka 2003 shule za msingi za Serikali ya Kenya hazitozi ada ya masomo, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni na kumwacha asome. Ng'ambo ya bara, bandari mpya ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021, na watu wengi wamelalamika kwamba kazi zake huchukuliwa na wageni. Malalamiko mengine ni ya haki, nami nimeyasema mbele ya wakubwa. Lakini nani kati yetu atasimama kuomba kazi ya karani wa shehena, au fundi wa mitambo, ikiwa alitoka darasani mwaka wa sita kwenda kushika sururu? Baba huniambia, "Mwalimu, mtoto akikata mawe anapata fedha leo." Ni kweli, anapata. Nami simdharau baba huyo. Njaa haingoji mtihani. Ila namwomba aihesabu vizuri fedha hiyo, pamoja na mawe 40 yasiyoandikwa.

Walimu wanaokaa kisiwani hapa wastahili shukrani zetu kuliko tunavyozitoa. Ni rahisi mwalimu kuomba apelekwe mahali penye bomba la maji. Anayekaa, akanunua dumu lake kama mnavyonunua ninyi, huyo ametoa kitu. Kadhalika nahodha ambaye kwa miaka hii yote amewavusha wanafunzi bila ya kuwadai, hata nauli ilipopanda. Amenikataza nisimtaje, na hivi sasa anatazama bahari kama kwamba hasikii.

Sasa nina maneno ya kazi. Mashua za mawe huenda Lamu zimejaa na kurudi tupu. Wanafunzi wa Manda wanaosoma ng'ambo hungoja Ijumaa alasiri, na wengine hukosa nauli, wakalala kwa watu. Naomba wenye mashua wakubaliane leo, kabla hatujatawanyika, mashua gani zitawachukua watoto Ijumaa, na mashua gani zitawarudisha Jumapili. Si jambo la fedha; ni jambo la kupanga zamu tu. Juu ya maji ya shule, jabia ina nyufa, na masika hayako mbali. Chokaa mnaichoma ninyi wenyewe. Sioni kwa nini tungoje fundi kutoka mjini aje kuziba jabia kwa chokaa yetu na kutudai fedha, na hapa wako mafundi kumi mbele yangu. Mzee aliyekuwa akiisimamia kazi ya tanuu amekubali kuwa msimamizi, nami nitawafuata wenye kazi za kesho kwanza, wale wenye visingizio baadaye.

Jambo langu la mwisho lawahusu watu wazima. Nimekwisha kustaafu, sina la kufanya jioni ila kusikiliza redio na kubishana na jirani yangu. Kuanzia Jumatatu, baada ya sala ya isha, nitakuwa chini ya mkungu ule karibu na gati. Nitafundisha kusoma na hesabu, hasa hesabu ya mawe, ya chokaa na ya nauli: namna ya kuandika karatasi mbili zinazofanana, moja ikabaki kwa mwuzaji na nyingine kwa mnunuzi. Atakayekuja na vumbi aje na vumbi lake. Taa ninayo, chaki nimeleta. Ubao sina, lakini mlango wa zamani wa ghala utafaa, ikiwa mwenyewe atakubali kutukopesha.

Yule mtu wa kamba yenye mafundo amekwisha kuniambia kwamba atakuja. Safari hii nilimwambia kwamba namkumbuka.

Naona nahodha ananipungia mkono. Maji yameanza kutoka. Wageni wa Shela watangulie.